Ndoo, kioo, bati au mfuko usiopitisha hewa: kipi kikae na nafaka zako?

Ukifungua gunia la mchele wiki ya sita ukakuta vumbi jeupe chini, punje zenye matundu na wadudu wa kahawia wanaotembea kama wenye nyumba, utalaumu chombo. Mara nyingi chombo hakina kosa. Fukusi jike hutoboa punje, hutaga yai ndani, kisha huziba tundu kwa ute wake. Ukiitazama punje hiyo utadhani ni nzima. Katika joto la nyuzi 27 hadi 30 za Selsiasi, yai huwa mdudu kamili kwa muda wa siku 35 hivi. Piga hesabu mwenyewe: uliyemkuta wiki ya sita ulimnunua pamoja na mchele.

Nimeanza na fukusi kwa sababu yeye ndiye anayepima chombo kuliko sisi. Chombo cha kawaida kinazuia walioko nje wasiingie. Chombo kinachoziba kweli kinafanya na kazi ya pili: kinawanyima pumzi waliomo ndani. Baina ya hizo kazi mbili ndipo pesa nyingi zinapopotea, maana watu hununua ukuta mnene na kusahau mfuniko. Nakwambia mapema nisije nikasahau: unaponunua chombo cha akiba, kwa kweli unanunua mfuniko. Kiwiliwili kinakuja nao tu.

Na kuna jambo moja ambalo hakuna chombo kinachoweza kukufanyia, nalo ni kukausha. Nafaka inayowekwa akiba inatakiwa iwe na unyevu wa asilimia 13 au chini ya hapo. Karanga, kwa kuwa zina mafuta mengi, ziwe na asilimia 7 hadi 8. Huna kipimo? Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, ijaze nafaka hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache kisha iache itulie. Chumvi ikigandamana na kioo, unyevu umezidi asilimia 15 na nafaka hiyo irudi juani. Isipogandamana, ujue tu kwamba uko chini ya 15. Kama ni ya kukaa miezi mingi, iongezee siku ya jua. Ukiifungia nafaka mbichi kwenye chombo kizuri kisichopitisha hewa, umeifungia uvundo ndani, na baadhi ya ukungu unaoota humo hutoa sumukuvu ambayo kuosha na kupika havimalizi.

Tutavipimaje

Nimeviweka vyombo vinne: ndoo ya plastiki ngumu, mtungi wa kioo, debe au pipa la bati, na mfuko wa tabaka usiopitisha hewa. Kila kimoja nakipima kwa mambo yale yale. *Hewa na unyevu*: kinaziba kiasi gani? *Meno*: panya na wadudu wanakifanya nini? *Umri*: kinakaa miaka mingapi na kinakufa kwa ugonjwa gani? *Mkononi*: kukibeba, kukifungua, kukiosha, kukipanga. Mwisho, *kinamfaa nani*.

Bei sikuiweka, kwa kuwa inabadilika kila mahali na kila msimu. Wewe gawanya bei ya chombo kwa miaka unayotarajia kikae, na majibu mengine yatakushangaza.

Ndoo ya plastiki ngumu

*Hewa na unyevu.* Ndoo nzuri ya chakula hutengenezwa kwa plastiki ya aina ya HDPE, ile yenye namba 2 ndani ya pembetatu ya mishale chini ya kitako. Angalia vizuri hapa, kwa sababu watu wengi huamini namba hiyo ni cheti cha usalama. Sivyo. Inataja aina ya plastiki tu. Ndoo ya rangi ya kupaka ukuta nayo inaweza kuwa na namba 2. Alama inayohusu chakula ni ile ya glasi na uma, au maneno ya mtengenezaji kwamba ni ya chakula. Ndoo iliyowahi kubeba rangi, dawa au sabuni usiitie chakula hata uisugue mara kumi, kwa sababu plastiki hunywa harufu na kemikali ikazirudisha taratibu.

Unyevu ndoo inauzuia vizuri. Hewa inaizuia nusu nusu: oksijeni hupenya HDPE polepole sana, kwa miezi, hata mfuniko ukiwa mzima. Kwa mchele wa kuliwa ndani ya mwaka hilo si neno. Kwa akiba ya miaka mingi, weka mfuko wenye tabaka la alumini ndani ya ndoo, na vile vifuko vya unga wa chuma vinavyonyonya oksijeni viwe ndani ya mfuko huo. Ukivitupa ndani ya ndoo tupu ya plastiki vinafanya kazi kwa muda, kisha hewa ya nje inavishinda. Kwenye sukari na chumvi usivitumie kabisa: sukari itageuka jiwe, na wala haikuvihitaji.

Mfuniko ndio wenye habari. Ule wa kubamiza wenye mpira ndani unaziba vizuri, ila kuufungua kila jioni ni kuvunja kucha, na baada ya kufunguliwa mara nyingi pembe zake hulegea. Ule wa kuzungusha, unaopachikwa mdomoni mwa ndoo kwa pete yake, hufunguka kwa mkono mmoja na huziba tena kila mara. Ukiweza kununua mmoja tu, uwe wa ndoo unayoifungua mara kwa mara.

*Meno.* Wadudu wengi wa nafaka hawaiwezi. Panya anaiweza. Nilikuwa na ndoo iliyokaa miaka minne bila tatizo, kisha nikahama nyumba, na mwezi wa pili nikakuta imetobolewa karibu na kitako, duara safi kama la msumeno. Ukuta wa milimita 2 na kuendelea unamchelewesha tu. Mahali penye panya, ndoo peke yake ni mchezo wa bahati.

*Umri.* Kivulini ndoo hukaa miaka mingi. Jua linaiua: plastiki hukakamaa, kisha siku moja inapasuka ukiwa umeibeba. Mpira wa mfuniko hufa kabla ya ndoo, basi ukague kila unapoijaza.

*Mkononi.* Ndoo ya lita 20 hubeba mchele au maharage kilo 16 hivi, mahindi yaliyopukuchuliwa kilo 14 au 15, na unga wa ngano kilo 11 au 12. Ina mpini, inaoshwa, inapangwa juu ya nyingine. Usizidishe tatu kwenda juu, maana mfuniko wa chini hubonyea na mpira huachia bila wewe kujua.

*Kinamfaa nani.* Nyumba yenye watu wengi inayonunua gunia moja na kulimaliza ndani ya miezi michache, na mtu anayehamahama. Kuna binamu yake maskini ambaye sitaki tumsahau: chupa safi ya kinywaji ya lita 2 yenye kizibo cha kuzungusha. Hiyo ni PET, namba 1, na inazuia oksijeni vizuri kuliko HDPE. Ikaushe siku mbili, tumia mrija mpana au karatasi iliyokunjwa kumiminia, ijaze maharage hadi shingoni, ifunge. Umepata chombo cha akiba bila kununua kitu.

Mtungi wa kioo

*Hewa na unyevu.* Hapa kioo hakina mpinzani. Hakipitishi hewa, hakipitishi mvuke, hakinywi harufu wala hakitoi. Udhaifu wote umekaa kwenye mfuniko. Mitungi ya mfuniko wa chuma wenye kamba ya mpira ndani, ule mtindo ambao John Landis Mason wa Marekani aliupatia hataza ya uzi wa kuzungushia mwaka 1858, huziba vizuri mpira ukiwa hai. Mitungi ya mapambo yenye kizibo cha mbao au gome ni ya kupendeza macho. Fukusi huiona ni mlango.

Kioo kina adui wa peke yake, mwanga. Mwanga huharakisha kuharibika kwa mafuta na kuua baadhi ya vitamini, hasa B2. Ukiipanga mitungi mstari mzuri kwenye rafu ya dirishani unapika chakula polepole. Iingize kabatini.

*Meno.* Hakuna panya wala mdudu anayetoboa kioo. Kwisha.

*Umri.* Ni cha milele mpaka siku kinapodondoka. Pia hakipendi kushtuliwa: usimimine maji ya moto kwenye mtungi uliotoka baridini. Na kikivunjika kikiwa na chakula, chakula chote kinatupwa, hakuna kuchambua vipande.

*Mkononi.* Gunia la mchele la kilo 20 linataka lita 25 za nafasi. Mtungi wa lita 4 unabeba kilo 3 na kidogo, kwa hiyo unahitaji saba. Saba kwenye rafu moja, pamoja na uzito wa kioo chenyewe, ni mzigo ambao mbao nyepesi itaulalamikia. Lakini faida moja huijui mpaka uizoee: unaona. Wadudu wakianza, unawaona siku hiyo hiyo. Akiba ikipungua, unajua bila kufungua. Na mdudu akiingia anaharibu kilo 3, hafiki kwenye nyingine.

*Kinamfaa nani.* Mtu mmoja au wawili, nyumba yenye vyakula vya aina nyingi kidogo kidogo, na chochote chenye harufu au mafuta: viungo, ufuta, karanga, unga usiokobolewa. Haimfai mwenye watoto wanaofika rafuni, wala chumba cha sakafu ngumu chenye pilika.

Debe na pipa la bati

*Hewa na unyevu.* Bati lenyewe halipitishi hewa. Tatizo liko kwenye viungo na mfuniko. Debe la mfuniko wa kukandamiza linaziba kuliko pipa lenye mfuniko wa kufunika tu. Pipa la pete ya kubana lenye mpira linayashinda yote mawili. Viungo vilivyokunjwa vizuri havivuji. Vilivyounganishwa kwa risasi ya zamani, au ndani mmepakwa rangi usiyoijua, usivitumie bila mfuko wa chakula ndani.

Jambo ambalo wengi hawalitegemei ni jasho. Bati hupoa haraka usiku. Hewa ya ndani iliyokuwa na joto mchana hugusa ukuta baridi na kutoa maji, na maji hayo hulowesha punje za pembeni na za juu. Unafungua baada ya miezi mitatu, katikati ni safi, kandokando kuna ukungu na punje zilizochipua. Dawa yake ni nafaka kavu kweli, pipa lijazwe pomoni, likae mbali na ukuta wa nje na jua, juu ya mbao au matofali.

Hapa ndipo hadithi ya mshumaa inapoingia. Watu huwasha mshumaa juu ya nafaka, hufunga pipa, mshumaa ukizimika husema hewa imekwisha. Haijaisha. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21, na mshumaa huzimika ikiwa bado kama asilimia 16. Fukusi kwa kiwango hicho anapumua vizuri. Ili aache kula inatakiwa ishuke chini ya asilimia 5 hivi, na anayeishusha huko ni mdudu mwenyewe kwa kupumua ndani ya chombo kilichoziba. Mfuniko ukivuja hata kidogo, kazi yote ya mshumaa inakuwa sherehe.

*Meno.* Hapa bati lina heshima yake. Panya hatoboi, dumuzi anayetafuna mbao na plastiki hatoboi. Panya mdogo, hata hivyo, hupita tundu la milimita 6 tu, kwa hiyo mfuniko uliopinda unatosha kuharibu sifa yote.

*Umri.* Miaka mingi sana likiwa kavu. Linauawa na kutu, na kutu huanzia kitakoni, kwenye kiungo, mahali usipopatazama. Chumvi kamwe isikae ndani ya bati bila mfuko. Likibonyea mdomoni mfuniko hauzibi tena, na kulinyoosha kurudi sawasawa ni kazi ya fundi.

*Mkononi.* Pipa la lita 200 hubeba karibu kilo 150 za nafaka, na likishajaa halihami. Kuliosha ndani unaingiza nusu ya mwili. Pipa lililobeba mafuta ya mashine au kemikali lisiingie jikoni kwa hoja yoyote ile. Debe ni rahisi kubeba, na kwa kuwa ni la mraba linapangika bila kupoteza nafasi.

*Kinamfaa nani.* Penye panya, kwa mwenye akiba kubwa ya aina moja na chumba kisichobadilika joto sana.

Mfuko wa tabaka usiopitisha hewa

*Hewa na unyevu.* Hii ndiyo mifuko inayojulikana kwa jina la PICS na ndugu zake: mifuko miwili myembamba ya plastiki ndani, kila mmoja wa maikroni 80, na kiroba nje cha kubeba uzito. Ilianzia kwenye utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani na watafiti wa Kamerun, kwa ajili ya kunde. Wadudu waliomo hutumia oksijeni hadi inaporomoka, wanaacha kula na kuzaa, kisha wanakufa taratibu. Wanakufa zaidi kwa kukaukiwa maji, kwa sababu bila oksijeni mwili wao hauwezi kutengeneza maji kutoka kwenye chakula. Hakuna dawa iliyotumika.

Masharti yake ni makali. Ujazwe, hewa isukumwe nje, kila tabaka lisokotwe na kukunjwa na kufungwa kwa kamba peke yake. Na usifunguliwe funguliwe. Kila ukifungua unawapa pumzi. Mfuko unaochotwa kila siku ni kiroba cha kawaida kilichonunuliwa ghali.

*Meno.* Ndiyo sehemu yake dhaifu kuliko vyote vinne. Panya anapita, na dumuzi anaweza kutoboa tabaka la ndani. Mabua na vijiti vilivyobaki kwenye nafaka navyo hutoboa, kwa hiyo pepeta kwanza.

*Umri.* Misimu miwili hadi mitatu ukiutunza. Kabla ya kurudia, jaza hewa mfuko wa ndani, uubane mdomo na usikilize, ukivuja, usiutegemee.

*Mkononi.* Ukiwa mtupu unakunjwa ukakaa chini ya godoro. Ukijaa ni kilo 50 au 100, na unahitaji watu wawili.

*Kinamfaa nani.* Aliyevuna au aliyenunua nyingi msimu wa wingi na hataigusa kwa miezi. Kwa maharage ndio ninaoupendelea, kwa kuwa wadudu wake huzaliana haraka. Ila ujue kwamba maharage yaliyokaa kwenye joto na unyevunyevu huwa magumu kuiva, na hilo chombo chochote hakiponyi. Yatafutie chumba baridi.

Vitu ambavyo chombo hakikuulizi

Mfuniko wowote uujaribu kabla ya kuuamini: funga chombo kikiwa kitupu, kizamishe kwenye maji, kibane kidogo. Mapovu yakitoka, umejua.

Usimimine mpya juu ya zamani. Maliza, osha, kausha juani mpaka ndani kabisa, ndipo ujaze. Vumbi la unga lililobaki kwenye pembe ya ndoo linatosha kizazi kizima cha wadudu.

Mwenye friza anaweza kuua mayai kabla ya kuhifadhi: nafaka au unga kwenye mfuko uliofungwa, nyuzi 18 chini ya sifuri, siku nne. Ukiitoa usiufungue mfuko mpaka urudi kwenye joto la chumba, la sivyo unyevu wa hewa utagandia kwenye punje na utakuwa umeharibu ulichotaka kuokoa.

Sasa, wewe uko upande gani?

Kama unanunua kidogo kidogo na unapika kila siku, mitungi ya kioo kabatini inatosha. Gunia usilinunue kwa ajili ya kujaza vyombo.

Kama ni familia inayomaliza gunia kwa miezi miwili au mitatu na panya hawakusumbui, chukua ndoo za chakula, moja yenye mfuniko wa kuzungusha kwa matumizi, nyingine za kubamiza kwa akiba. Gunia la kilo 25 linataka ndoo mbili.

Kama panya wapo, jibu lazima liwe na bati. Lakini si lazima liwe bati peke yake: mfuko wa tabaka ndani ya pipa unakupa kuziba kwa mfuko na ukuta wa pipa, na jasho la bati haliigusi nafaka.

Kama unaweka mavuno ya mpaka msimu ujao, mifuko mingi midogo ni bora kuliko mmoja mkubwa. Unafungua mmoja, unauhamishia wote kwenye ndoo za jikoni siku hiyo hiyo, mingine inaendelea kulala.

Unga, hasa usiokobolewa, usiwekwe kwa miezi mingi kwenye chochote. Mafuta ya kiini cha punje yakishasagwa huanza kuharibika na unga hutoa harufu kali. Weka nafaka nzima, saga ya wiki chache, na huo wa wiki chache uutie kwenye kioo.

Kwa vyovyote utakavyochagua, tarehe ya kujaza iandike kwenye kiwiliwili cha chombo, usiiandike kwenye mfuniko. Mifuniko hubadilishana siku ya kuosha.